Gitaa la Kwaya Linasema Nini

Adija aliitwa kutoka jikoni, mikono ikiwa bado na unga wa muhogo, akaambiwa akae chini asikilize mbao.

Hamimu, mumewe, alikuwa amepanga vipande vitatu juu ya mkeka wa sebuleni. Sebule hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa karakana tangu kibanda cha nje kianze kuvuja, kwa hiyo ukija kuwaamkia watu hawa wa mtaa wa Kinama unaruka shingo za magitaa kabla hujapata pa kuweka mguu. Vipande vyote vilikatwa katika ubao mmoja wa msonobari, mti laini, mwembamba, wa rangi ya uji wa mtama uliochanganywa na maziwa. Kimoja kilipakwa mafuta ya kitani. Cha pili kilipakwa gomulaka, yale magamba ya manjano ambayo mafundi wa zamani huyayeyusha katika alkoli, kisha huyapaka kwa kibonge cha pamba, kidogo kidogo, mpaka mkono ukome wenyewe. Cha tatu kiling'aa kama kioo cha kinyozi. Hicho alikipulizia Djibril, mpaka rangi wa magari kule Carama, akakileta kimefungwa gazeti.

"Sikia," Hamimu alisema, akakigonga cha kwanza kwa kifundo cha kidole. "Hii inasema nini?"

Ulikuwa mchezo wao wa tangu ujana. Mikono ilikuwa ya Hamimu, lakini masikio yalikuwa ya Adija, binti wa mpiga dufu wa maulidi, aliyejua ngozi iliyolegea hata kabla baba yake hajaigusa. Hamimu hakuwahi kutoa gitaa mlangoni bila kumuuliza mkewe linasema nini, ingawa wateja hawakujua hilo, na si kazi yangu kuwaambia.

"Hii inasema labda," Adija alijibu. "Ni kama mutu ameshiba. Anaongea, lakini iko na usingizi."

"Ni mafuta. Mbao laini inakunywa mafuta kama mutoto anakunywa maziwa. Na mvua hii, haitakauka." Akagonga cha gomulaka. "Na hii?"

Adija hakuhitaji kufikiri. "Hii inasema ndiyo."

Hamimu akatabasamu, akakigonga kile kinachong'aa. Kilitoa sauti fupi, kavu, ya mlango wa jirani asiyetaka mgeni.

"Hii inasema apana, Baba Sumaya," Adija alisema. "Na hata ingesema ndiyo, mi ningesema apana."

Alisema hivyo akiikunja midomo, kwa sababu harufu ya kile kipande ilikuwa imemfikia. Verni ya gari, ile ya kung'arisha aliyopulizia Djibril, huchanganywa na dawa ya kuikausha, na dawa hiyo ilishamlaza Hamimu mara moja, siku alipopulizia gitaa la mwenye baa mmoja. Adija aliiona midomo ya mumewe ikigeuka kijivu, akaona mbavu zake zikivutwa ndani kila alipotafuta pumzi. Daktari aliyewapokea hakuzungusha maneno. Mapafu yamekwisha kuijua hiyo dawa, alisema, na yameichukia. Akiivuta tena, hata kidogo, usije ukatulaumu. Hamimu alikwisha kuyasahau maneno hayo, kama wanaume wanavyosahau ya daktari wakipata nafuu. Adija aliyahifadhi kama alivyohifadhi sura fupi za Kurani.

*

Mwenye gitaa alikuwa Monsieur Ildephonse, mkuu wa kwaya moja ya Mutanga Sud, mtumishi wa serikali, mtu wa suti hata siku ya joto. Kwaya yake ilikuwa na piano ya zamani iliyoliwa na mchwa mpaka ikabaki jina. Walipoibomoa waitupe, ubao wa ndani, ule unaobeba sauti, ulionekana mzima kama siku uliyofungwa. Wazee wa kwaya wakalia. Ndipo Ildephonse akapata wazo la kuuleta kwa Hamimu ili ubao wa piano ufanywe uso wa gitaa, uimbe tena. Ulitosha gitaa moja na vile vipande vya kujaribia, basi. Hakukuwa na mwingine Burundi nzima.

Alipokuja kuchagua, Ildephonse alipewa kiti pekee chenye mgongo. Alikifuta kwanza kwa leso, akakaa kwenye ukingo. Adija alimletea chai ya tangawizi, naye akakishika kikombe bila kukinywea, kama mtu aliyepewa amwangalizie mwenzake.

"Fundi, nielezee tu. Ile ya kulinda ni gani? Jasho, vidole ya watoto, unyevu ya ziwa, vyote."

Hamimu alieleza. Alieleza vizuri, kwa mikono, akigonga kimoja baada ya kingine: verni ya gari inalinda kuliko zote lakini inaufunga mti mdomo, gomulaka inaogopa maji na jasho, itabidi ifutwe kila baada ya kupigwa, lakini ni nyembamba, mti unapumua chini yake. Ildephonse alitikisa kichwa kwa adabu. Alipokwisha kusikiliza, aliokota kipande kinachong'aa, akakisogeza karibu na uso wake, akajitazama meno ndani yake.

"Hii. Franchement, kusema kweli, hii. Watu wataona tu kwamba ni kitu ya maana."

"Hiyo inamuua," sauti ya Adija ilitoka mlangoni pa jikoni.

Hamimu aliinamisha kichwa. Hakuna kitu kinachomtia haya fundi kama kuambiwa mbele ya mteja kwamba kazi yake inamshinda, na tena aambiwe na mkewe.

"Ni kifua tu kidogo," alisema haraka. "Wanawake, unawajua."

"Si kifua kidogo, Monsieur. Daktari alisema asivute tena ile dawa. Mi nilikuwa pale. Nilisikia na masikio yangu."

Ildephonse hakuwa mtu mbaya. Aliweka kipande chini taratibu, akaangalia saa, akaangalia picha ya Makka ukutani. "Bon, bon. Sitaki mutu afe sababu ya gitaa. Tupake hiyo ingine, hiyo gomu. Mais Fundi, siku ya kulibariki gitaa, kanisa itajaa, na mi ndiye niliwaambia wazee mutu wa kazi hii iko Kinama. Usinitie haya."

Alipoondoka, chai ilikuwa bado imejaa. Hamimu hakumsemesha mkewe mpaka alasiri, na Adija hakujali. Alikuwa ameokoa pumzi ya mtu wake kwa gharama ya kununiwa, na hiyo kwake ilikuwa bei nafuu.

*

Lakini mchagua nazi hupata koroma. Hamimu alipofungua chupa yake ya gomulaka aliikuta imebaki nzito kama asali, kidogo chini. Magamba alikuwa nayo. Kilichokosekana ni alkoli kavu ya kuyayeyushia, ile ya dukani isiyo na maji. Na mji mzima, mji huu tunaoujua, mji wa kupanga foleni ya mafuta ukiwa na kitanda garini, haukuwa na alkoli.

Adija alizunguka. Aliingia duka la rangi, wakamwambia arudi. Akaingia famasi, msichana wa kaunta akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu: "Devise hakuna, mama, pesa ya nje. Hakuna devise, hakuna kitu inaingia." Famasi nyingine walikuwa nayo ya kusafishia vidonda, iliyokwisha kutiwa maji, na hiyo Hamimu alimwonya asilete, maana maji na gomulaka ni paka na panya. Mahali pa tatu mwanamume alimtazama mtandio wake akacheka. "Ata na weye, hajati? Alkoli ya nini?" Wenzake nao wakacheka. Adija akatoka bila kuaga.

Alirudi Kinama miguu imevimba, akamkuta mumewe amelilaza gitaa mapajani, anaupapasa uso wake mtupu kama anayemtuliza mtoto.

"Kama haipatikani," Hamimu alisema bila kumtazama, "nitaenda tu kwa Djibril. Siwezi kuwapelekea mbao uchi. Mikono ikiishika siku moja, itakuwa chafu, haitatoka tena."

"Djibril apulizie mwenyewe, basi."

"Djibril anapulizia milango ya Toyota, Mama Sumaya. Hii mbao ni nyembamba kama mukate wa chapati. Ataizamisha."

Adija alijua maana yake. Maana yake ni kwamba Hamimu angeshika pistole ya kupulizia rangi mwenyewe. Aliinuka, akajitia anakwenda kununua mkaa.

Nyuma ya nyumba za upande wa bondeni aliishi Mama Christa, na kila mtu alijua Mama Christa anauza nini, pamoja na wale walioapa hawajui. Kanyanga yake, pombe ya kienyeji ya kuchomwa kwa siri, ilisifiwa kwa ukali. Adija hakuwa amewahi kukanyaga ua ule. Akipita karibu yake alikuwa akivuta mtandio puani. Siku hiyo aliingia, akakuta wanaume wawili kwenye benchi, mchana kweupe, wakamkodolea macho kama wameona jini.

"Mama Sumaya?" Mama Christa aliinuka, akapangusa mikono. "Amani?"

"Amani. Nataka ile yako." Aliwapa mgongo wale wa benchi. "Ile kali kupita zote. Isiyotiwa maji."

Mmoja wa wale wanaume akajipiga kofi la paja. "Yemwe! Leo dunia imeisha!"

"Nyamaza weye," Mama Christa alimkemea, lakini hata yeye alikuwa akijizuia asicheke. Akamchukua Adija pembeni, akamimina tone kubwa kwenye kifuniko cha chupa, akawasha kiberiti. Mwali ukainuka, wa buluu, mwembamba, ukacheza mpaka ukaisha.

"Unaona? Ingekuwa na maji, ingewaka? Maji haiwaki, mama."

Adija aliutazama ule mwali na moyo wake ukatulia. Ni kweli, maji hayawaki. Mtoto mdogo anajua hilo. Ni watu wangapi mjini humu wameapa kwa mwali huo, walevi na wasio walevi? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kanyanga inaweza kuwa nusu maji na bado ikawaka vizuri tu.

Aliificha chupa chini ya mtandio, kwapani. Kwenye kona ya bomba la maji, uso kwa uso, akakutana na Saliha, dada mkubwa wa Hamimu.

"Wifi, unatoka wapi huku?"

"Mkaa."

Saliha aliangalia mikono isiyo na mkaa. Kisha pua yake ikatikisika, maana kizibo cha Mama Christa kilikuwa ganda la ndizi lililokunjwa. Aliondoka na ndoo yake, na mgongo wake ulisema yote.

*

"Umeitoa wapi?" Hamimu aliuliza.

"Usiniulize. Tazama." Adija akamimina kwenye kijiko, akawasha. Mwali wa buluu ukapanda mbele ya macho ya mumewe.

Hamimu aliinusa chupa, akaelewa, na uso wake ukapita mambo mengi kwa mpigo. Alimfikiria mkewe katika ua ule. "We mwanamke," alisema polepole, "uliingia kule sababu yangu?"

"Niliingia sababu ya kifua yako. Tengeneza."

Alikuwa fundi, alipaswa kushuku. Nami naamini alishuku kidogo, maana gomulaka ilipokutana na kanyanga iligeuka ukungu kidogo ndani ya chupa. Lakini gomulaka ya magamba huwa na nta yake, na nta nayo huleta ukungu. Alijiambia ni nta. Mtu akitaka sana jambo liwe, hulipatia jina zuri. Isitoshe, angemwambiaje yule mwanamke baada ya alichofanya?

Akafunga pamba ndani ya kitambaa, akachovya, akaanza. Alipaka kwa miduara, kisha kwa umbo la nane, kisha kwa mistari mirefu ya kufuata nyuzi za mti, na Adija akakaa karibu akichambua maharage na kumtazama. Rangi ya asali ilianza kuamka kwenye uso wa gitaa. Nyuzi za mti zilitokea moja moja, zimenyooka, za miaka mingi kuliko umri wao wote wawili. Nje mvua ilinyesha. Hamimu akaanza kuimba puani, jambo ambalo kifua chake kilikuwa hakijamruhusu kwa muda mrefu, na Adija akasikia furaha mpaka akaona haya kidogo, ya kuipata furaha kutoka kwa Mama Christa.

"Gonga," alimwambia.

Hamimu akagonga. Hawakuhitaji kuulizana linasema nini.

Asubuhi Adija ndiye aliyeamka kwanza. Alifungua dirisha ili mwanga uingie, akageuka kulitazama gitaa likining'inia kwenye kamba yake, akadhani mtu ameliwekea kitambaa. Alisogea. Hakikuwa kitambaa. Uso wote wa gitaa ulikuwa mweupe, mweupe wa maziwa yaliyomwagika, na nyuzi za mti zilikuwa zimezama chini yake hazionekani. Aliusugua kwa ncha ya kanga. Hautoki.

Hamimu alikuja nyuma yake peku. Alipitisha kidole juu ya ule weupe.

"Maji," alisema.

"Lakini iliwaka! Uliona ikiwaka!"

"Iliwaka, ego, ni kweli." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Adija. "Maji imeingia chini ya gomulaka, ikafungwa mle."

"Dawa yake ni nini?"

Hamimu akacheka kicheko cha pumzi moja. "Alkoli kavu."

*

Ildephonse alifika siku hiyo hiyo, maana habari mbaya haihitaji mafuta ya gari. Alilisimamia gitaa jeupe, akatoa leso, akafuta paji la uso lake mwenyewe.

"Ubao ya piano yetu," alisema. "Fundi. Ubao ya piano yetu."

Hamimu alisimama kama mtoto wa shule aliyevunja kioo. Adija alitaka kusema ni mimi, ni mimi niliyeleta maji, lakini angesema hivyo mbele ya mteja ingekuwa mara ya pili kumvua mumewe nguo. Akanyamaza. Hilo pia lilikuwa kosa, lakini njia isiyo kosa ilikuwa wapi?

Hamimu aliusugua uso ule kwa msasa siku nzima, kwa vidole, akiogopa kuutoboa. Weupe ulitoka, lakini ulibakiza mabaka pale ambapo maji yaliingia katika mti wenyewe. Ubao nao ukawa mwembamba zaidi, unahitaji ganda gumu la kuushika. Sasa hata Hamimu alikubali Ildephonse aliposema verni ya gari itaficha yote. Kweli ingeficha.

Adija alipigana vita yake ya mwisho kwa Djibril. Alimfuata mwenyewe Carama, akamwomba mbele ya magari yaliyovuliwa milango.

"Utapulizia weye. Hamimu hatagusa. Niapie, shemeji."

"Wallahi, shemeji, hatagusa," Djibril alisema, na alisema kweli kama alivyojua. "Asimame ata huku barabarani."

Walisimama barabarani, ng'ambo ya geti la mabati, mume na mke, na Ildephonse katikati ya barabara akizungumza kwenye simu yake. Adija alikuwa amelishika shati la Hamimu kwa nyuma, kama unavyoshika mbuzi wa Idi. Ndani kompreseri, ile mashine ya upepo, ilianza kunguruma. Kupitia upenyo wa mabati waliliona gitaa likining'inia kwenye waya, na Djibril akilijia na pistole kwa hatua za mtu aliyezoea milango.

Alipita mara ya kwanza. Hamimu akanyanyuka kwa vidole vya miguu.

"Iko karibu sana."

"Mwache."

Djibril alipita tena, kwa rangi nzito, na wote wawili wakaona tone likianza kujikusanya chini ya tundu la gitaa, likinenepa, likitaka kutiririka.

"Ataizamisha!" Hamimu alipaza sauti. "Djibril! Mbali! Mkono mbali!" Kompreseri ikala maneno yake.

"Baba Sumaya, apana. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Ni dakika tu. Nitashika pumzi."

Shati likapasuka kwenye mshono. Adija alibaki na kipande cha kola mkononi, na Hamimu alikwisha kuwa ndani, leso imefungwa mdomoni, anaipokea pistole kutoka kwa Djibril aliyechanganyikiwa. Adija alipiga kelele getini. Ildephonse akageuka, akaziba kipaza cha simu kwa kiganja, akamwonyesha kwa kidole kwamba anaongea na mtu mkubwa.

Na aliyofanya Hamimu mle ndani, subhanallah, yalikuwa mazuri. Aliufuta ule mtiririko kwa ncha ya kitambaa, akarudi nyuma, akaupuliza uso wa gitaa kwa mbali, mkono ukisafiri sawasawa, ukungu mwembamba ukitua kama umande. Adija aliona uzuri huo kupitia upenyo wa mabati, na akauchukia.

Alipotoka, Hamimu alivua leso akacheka. "Umeona? Hakuna kitu."

Walitembea kurudi Kinama. Karibu na nyumbani alikohoa mara moja, kidogo, kama mtu aliyepaliwa na mate. Adija akasimama. Hamimu akamwashiria waendelee, lakini hakuwa na pumzi ya kusema neno "twende".

*

Safari hii nayo hospitali walimrudisha nyumbani akiwa hai, na Saliha alisema ni sadaka aliyoitoa yeye. Hamimu hakuweza kulala chali. Aliketi kitandani mchana na usiku akiegemea mito, mabega juu, na kifua chake kilipiga mluzi kila alipovuta na kila alipotoa. Daktari alisema mapafu kama haya hayarudi yalivyokuwa. Alimtazama Adija aliposema hivyo, kana kwamba ufunguo ulikuwa mkononi mwake akaupoteza.

Watu walikuja kumpa pole mgonjwa. Walikaa kwenye mkeka, wakasoma fatiha, wakauliza ni nini. Saliha ndiye aliyewajibu, kwa sauti ya chini ile inayofika jikoni.

"Kanyanga, nini ingine? Mi mwenyewe niliona mke wake akiileta, chini ya mtandio. Tukisema kifua, ni kuficha tu."

"Astaghfirullah. Na weye wifi yake, ulimkanya?"

"Mutu mzima utamkanya nini?"

Adija aliyasikia akiwa amesimama na sinia. Angeweza kutoka aeleze: magamba ya manjano, alkoli kavu, mwali wa buluu, ubao wa piano. Aliyapanga maneno kichwani, akayaona yalivyo marefu, na jinsi neno kanyanga lingebaki katikati yake hata ayapange vipi. Aliingia, akawagawia chai. Mwanamke mmoja alikinusa kikombe kabla ya kukinywea.

Jumapili, baada ya misa, Ildephonse alikuja na suti na gitaa ndani ya mkoba mpya. Alisita mlangoni kuona wanawake wamejaa, kisha akavua viatu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya katika nyumba ile.

"Fundi! Pole sana, Fundi. Lakini ngoja nikuambie, walipiga makofi mi sijagusa ata kamba moja! Walipoona tu!"

Akalitoa. Chumba kizima kikaguna. Uso wa gitaa uling'aa hata ukaona ndani yake dirisha, chandarua kilichofungwa fundo, kitambaa cha Saliha, na Adija akajiona mwenyewe akiwa na sinia. Mabaka hayakuonekana. Ildephonse, bila kujijua, aliinama kidogo akainyoosha tai yake mbele ya ule ubao. Kisha akaketi, akapiga.

Adija aliisikia tangu mguso wa kwanza. Ile sauti fupi, kavu. Ubao uliokuwa umeimba ndani ya piano miaka yote ile, ukakaa na mchwa bila kuoza, ulikuwa umefungwa mdomo.

Hamimu aliinamia mbele, kiganja nyuma ya sikio. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi mkali kuliko nyuzi. Tangu augue alikuwa hasikii vizuri kitu kingine ila mluzi huo. Aligeuza macho, akamtafuta mkewe kati ya watu.

"Mama Sumaya," alisema, akapumzika, akavuta tena. "Inasema nini?"

Wote wakamtazama Adija. Hawakujua mchezo huo, walidhani mgonjwa anaweweseka. Ildephonse alikuwa ametabasamu, mkono juu ya nyuzi.

"Inasema ndiyo," Adija alisema. "Inasema ndiyo, Baba Sumaya."

Hamimu akafumba macho, akaegemea mito, na kwa mara ya kwanza tangu Carama uso wake ukalegea.

"Mnasikia!" Ildephonse alifurahi. "Basi Fundi, kwaya ya vijana nao wanataka mbili. Mbao watatafuta wenyewe, ata sapin, msonobari ya masanduku. Lakini wamesema ziwe kama hii hii. Zing'ae."

Hamimu hakuwa na pumzi ya kujibu. Alikubali kwa kichwa, mara mbili.

Adija alifungua mdomo aseme apana. Lakini alikuwa amekwisha kusema ndiyo mbele ya watu wote, na kila mtu alikuwa amesikia. Akaweka sinia chini, akauokota upepeo uliokuwa umeanguka kando ya kitanda, akaanza kumpepea.